Alama za Mtoto na Gunia la Lumbesa

Hakuna neno lililonisumbua katika kazi yangu ya ualimu kama neno "kufaulu". Ni neno jepesi mdomoni. Mzazi hukutana nawe njiani, mathalani pale penye kona za kuteremkia Soni, mkashikana mikono, mkaulizana habari za nyumbani na za shamba, kisha akauliza, "Mwalimu, hivi yule mtoto kafaulu?" Naye hutaka jibu moja tu kati ya mawili. Ukianza kumweleza kwamba mtoto amepata hivi katika somo hili na vile katika somo lile, utaona macho yake yameshahamia kwenye gari linalopanda kutoka Mombo.

Nilifundisha shule za msingi katika milima hii ya Usambara kwa miaka thelathini na tisa, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1972 hadi nilipostaafu mwaka 2011, na katika miaka hiyo ishirini na miwili nilikuwa mwalimu mkuu. Mtihani wa darasa la saba nimeuona ukija na kupita kila mwaka kama masika na vuli. Nimeusimamia katika shule za jirani, nimeona bahasha zikilindwa kama fedha za benki, na nimeona watoto wakitetemeka madawatini, wengine kwa baridi ya asubuhi ya huku kwetu na wengine kwa hofu. Siudharau mtihani hata kidogo, na hapo mbele nitaeleza kwa nini. Lakini nathubutu kusema kwamba wazazi wengi, pamoja na walimu wasiokuwa wachache, huyasoma matokeo kama mtu anayesoma barua kwa kutazama rangi ya bahasha.

Desturi hiyo haikuzuka hivi karibuni. Msomaji ambaye hakuziona enzi zile hana budi kukumbushwa hali ilivyokuwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza watoto wote wa umri wa kwenda shule waandikishwe, na ilipofika 1977 madarasa yetu yakafurika. Lilikuwa jambo jema na la fahari. Ila shule za sekondari hazikuongezeka kwa kasi ile. Kwa hiyo mtihani wa darasa la saba haukuwa wa kupima kama mtoto amejifunza. Ulikuwa chekecheo la kupata wachache wa kujaza nafasi chache. Shule yenye watahiniwa arobaini ilipata mmoja au wawili, na nakumbuka miaka ambayo hatukupata hata mmoja. Majina ya waliochaguliwa yaliletwa kwa karatasi moja fupi, tukayabandika kwenye mlango wa ofisi, na kijiji kizima kikaelewa kwamba walio kwenye karatasi wamefaulu na wasiokuwepo wamefeli.

Sasa fikiri. Katika wale thelathini na wanane waliobaki walikuwamo waliojibu vizuri zaidi ya nusu ya maswali. Walikuwamo waliokosa nafasi kwa alama mbili tatu tu. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu alama zao hazikufika kijijini. Kilichofika ni jina au ukimya. Kuchaguliwa na kufaulu ni mambo mawili mbalimbali, lakini sisi tuliyafunga kwa kamba moja. Ninamfahamu mzee mwenzangu mmoja wa huku milimani, fundi seremala, aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama cha msingi kwa muda mrefu. Hesabu zake wakaguzi hawakupata kuzitilia shaka. Hata hivyo kila panapotakiwa mtu wa kuandika barua au kusoma risala, yeye husema, "Waachieni wasomi, mimi ni wa kufeli." Miaka zaidi ya arobaini imepita tangu siku ile ya karatasi mlangoni, naye bado anaibeba.

Chekecheo lile sasa limepanuka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, zikafuata shule za kata, na leo karibu kila kata ya Lushoto na Bumbuli ina sekondari yake, hata kule ambako zamani mtoto alitembea siku nzima kufika kwenye barabara ya gari. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne. Matokeo nayo hayabandikwi tena mlangoni. Huonekana katika simu, jina la mtoto na herufi zake, na mtu wa Dar es Salaam huyaona kabla ya mtoto mwenyewe aliye Mtae. Mambo yote yamebadilika isipokuwa lile swali la pale njiani.

Herufi zenyewe zina maana gani? Kwa utaratibu wa sasa wa Baraza la Mitihani, mtoto wa darasa la saba hufanya masomo sita, kila somo lina alama 50, jumla 300. Katika somo, A ni kuanzia 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na E ni 10 kushuka hadi sifuri. Katika jumla, A huanzia 241, B huanzia 181, C huanzia 121, D huanzia 61, na chini ya hapo ni E. Mtoto mwenye jumla ya 121 na kuendelea, yaani mwenye wastani wa C au zaidi, huhesabiwa kuwa amefaulu. Haya si siri, lakini nimekutana na wazazi wengi wenye watoto wanne na watano shuleni ambao hawajapata kuelezwa.

Mmoja wao alinijia nyumbani mwezi Novemba mwaka 2023, siku chache baada ya matokeo kutangazwa. Ni mkulima wa karoti na viazi wa upande wa Lukozi, na nilimfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo. Alipiga hodi, akaniamkia, nikamkaribisha. Alikataa chai, na huku kwetu mtu akikataa chai saa za jioni, ujue ana neno zito.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu binti kanitia aibu. Kapata C. Mtoto wa jirani yangu kapata A. Sasa ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam anatafuta msichana wa kumsaidia mkewe kazi za nyumbani. Naona aende. Nisipoteze muda."

Msomaji wa milima hii hahitaji kuelezwa jambo hilo. Wasichana wetu wangapi wamepanda basi la alfajiri kwenda kufua nguo za watu na kulea watoto wa watu, wakiwa na umri wa miaka kumi na tatu, kumi na minne? Baba huyu hakuwa mtu mkatili. Alikuwa anasoma karatasi kama alivyoisoma baba yake: jina lipo juu au halipo. Kwa kuwa la jirani lilikuwa na A, la kwake akaliona halipo.

Nilimwomba simu, nikavaa miwani. Binti alikuwa na B ya Kiswahili, B ya Uraia na Maadili, C ya Maarifa ya Jamii, C ya Sayansi, D ya Kiingereza na E ya Hisabati. Wastani C. Kabla ya kusema lolote nikamwuliza, "Mwanangu, msimu huu gunia la karoti umeuza kiasi gani?"

Akacheka kwa uchungu. "Gunia lipi mwalimu? La lumbesa au la kawaida?"

Hapo nikafurahi, kwa sababu mwenyewe alikuwa amekwisha kuifungua njia. Mkulima wa Lushoto hawezi kudanganywa kwa neno "gunia". Anajua kwamba mnunuzi huja na gunia lake, likajazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kichwa cha wavu na kushonwa kwa kamba, na hiyo nayo ikaitwa gunia moja. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi na Wakala wa Vipimo wamepita masokoni, lakini mkulima haulizi sheria inasemaje. Hulitazama gunia lenyewe limeshonwa vipi. Nikamwambia, "Basi, herufi nayo ni gunia. Na wewe umekuja hapa kuniuliza bei bila kutazama kilichomo."

Nikatwaa penseli na daftari la mjukuu wangu, tukakaa mezani. Nilimwonyesha kwamba B mbili haziwezi kupungua alama 62 wala kuzidi 80. C mbili haziwezi kupungua 42 wala kuzidi 60. D ni kuanzia 11 hadi 20, na E ni sifuri hadi 10. Ukijumlisha za chini kabisa unapata 115, ukijumlisha za juu kabisa unapata 170. Kwa kuwa amepewa wastani wa C, tunajua amefika 121 angalau. Kwa hiyo binti yake ana alama yoyote kati ya 121 na 170. Tofauti hiyo ni alama hamsini kasoro moja, karibu somo zima! Huenda ameponea chupuchupu, huenda anakaribia B, na ile herufi moja haiwezi kutuambia. Vilevile mtoto mwenye 30 katika somo na mwenye 31 wametengana kwa swali moja, labda swali ambalo mmoja alibahatisha, lakini mmoja huitwa C na mwingine B. Na mwenye 21 na mwenye 30, waliotengana kwa maswali tisa, wote huitwa C.

Baba alinyamaza akitazama tarakimu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kafaulu?" Nikamwambia amefaulu, na nafasi yake ya kidato cha kwanza ipo. Alikuwa hajui. Alikuwa tayari kumpakia binti kwenye basi hali akiwa na nafasi yake sekondari.

Nilimweleza pia juu ya yule mtoto wa jirani, bila kumpunguzia sifa. Mtoto yule amesoma shule ya kulipia ya bweni, inayofundisha kwa Kiingereza, yenye mwalimu kwa kila somo. Binti yake amesoma shule ambayo kwa miaka miwili ilikuwa na walimu wachache kuliko madarasa, na kila asubuhi alipanda mlima na kila jioni aliteremka. Karatasi ya mtihani ni ileile, lakini njia ya kuifikia si ileile. Anayetaka kujua juhudi ya mtoto amlinganishe kwanza na wenzake wa darasa moja. Tulipotazama orodha ya shule yake, binti alikuwa miongoni mwa wanane wa juu katika watahiniwa hamsini na kitu. Baba yake alikuwa amemtazama mtoto wa jirani tu, hakuwatazama wale hamsini.

Ilibaki E ya Hisabati, nayo hatukuipita haraka, maana hapo ndipo palipokuwa na jambo. Tangu mwaka 2012 karatasi za darasa la saba husahihishwa kwa mashine: mtoto huweka kivuli kwa penseli juu ya herufi ya jibu, na mashine huisoma. Chukua maswali 40 ya kuchagua, kila moja lina majibu matano. Mtoto ambaye hakusoma hata swali moja, akaweka vivuli kama anayepanda mbegu gizani, atapata kwa bahati maswali manane hivi. Alama nane ni E. Kwa hiyo E haisemi kwamba mtoto anajua kidogo. Haiwezi hata kumtofautisha na aliyebahatisha mwanzo hadi mwisho. Ni herufi iliyo kimya. Ukitaka kujua kilichomo, huna budi kumwita mtoto mwenyewe.

Nikasema aje kesho yake, naye akaja, binti mpole mwenye kuangalia chini. Nilimwuliza, "Ukiuza mafungu saba ya karoti kwa shilingi mia tatu, ukapewa noti ya elfu tano, utarudisha kiasi gani?" Alijibu elfu mbili na mia tisa kabla sijamaliza kukohoa. Nikampa hesabu ya kuzidisha tarakimu mbili kwa mbili, akaipata. Nikampa nusu kujumlisha theluthi, akaandika mbili juu ya tano. Nikampa nyingine za sehemu, na za desimali, na za asilimia: zote akaharibu kwa namna ileile moja. Kumbe hakuwa mjinga wa hesabu. Alikuwa ameanguka mahali pamoja, katika sehemu, miaka mitatu nyuma, na kila kilichojengwa juu ya pale kilikuwa kimejengwa hewani. Dakika ishirini na penseli zilinieleza jambo ambalo Baraza zima, kwa mashine zake zote, lisingeweza kulieleza kwa herufi moja. Wala silaumu Baraza; lina watahiniwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka, nalo halikuundwa kukaa mezani na kila mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo mzazi anayelinganisha matokeo ya kaka na ya dada hana budi kulijua, nalo ni kwamba kipimo chenyewe huhamishwa. Mwaka 2011 waliofaulu darasa la saba nchini walikuwa asilimia 58 hivi. Mwaka 2012 wakashuka hadi asilimia 31 hivi. Mwaka 2013 wakapanda hadi asilimia 51 hivi, na tangu mwaka 2019 hawako mbali na asilimia 80. Je, watoto wa Tanzania walipoteza akili kwa mwaka mmoja kisha wakazirudisha? Mwaka 2012 ndio uliokuwa wa kwanza wa mashine. Sidai kwamba mashine peke yake ndiyo sababu, lakini yeyote aliyewahi kupima viazi anajua kwamba ukibadilisha mizani, uzito wa jana na wa leo haulinganishwi hivihivi. Mtoto aliyefaulu mwaka 2012 na mdogo wake aliyefaulu mwaka 2020 hawakupita katika mlango wenye upana mmoja.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea kwa watoto wa kidato cha nne mwaka huohuo wa 2012. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri, na nchi nzima ikapiga kelele. Waziri Mkuu aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na mwezi Mei serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya, kwa kuwa madaraja yalikuwa yamepangwa kwa utaratibu tofauti na wa miaka iliyotangulia. Yakapangwa, na maelfu ya watoto wakatoka kwenye sifuri. Hakuna mtoto aliyefanya swali jingine. Karatasi zilikuwa zilezile zimelala ghalani, wino uleule, majibu yaleyale. Kilichohama ni mistari iliyochorwa juu yake. Nafikiri juu ya wale ambao kati ya Februari na Mei walikuwa wameshafukuzwa nyumbani, au wameshaozwa.

Mistari ikaendelea kuhama. Mwaka 2012 alama 45 ya kidato cha nne ilikuwa D. Kwa viwango vinavyotumika sasa ni C. Alama 34 ilikuwa F, sasa ni D. Katikati hapo ulikuja utaratibu wa wastani wa pointi, watoto wakapewa majina ya madaraja ambayo hata sisi walimu tuliyatamka kwa kubahatisha, kisha mwaka 2016 ukaondolewa na madaraja ya zamani yakarudi. Shule nazo ziliwahi kupakwa rangi katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kijani, njano na nyekundu, na mwalimu wa shule nyekundu akaogopa kupita sokoni. Mwanzoni mwa 2023 Baraza likaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, uamuzi ambao mimi niliupongeza ingawa magazeti yalinuna. Wenzetu wa Kenya nao walizoea kumtaja mtoto kwa alama zake kati ya 500, hadi mtihani wao ule ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Na kwetu, Sera ya Elimu ya mwaka 2014 toleo la 2023 imeweka elimu ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba. Kwa hiyo hata mtihani huu ninaouandika hapa nao uko safarini.

Jambo la lugha sitaliacha. Mtoto wa Lushoto mjini hukua na Kiswahili masikioni. Mtoto wa vijiji vya ndani hukua na Kishambaa. Nyumbani Kishambaa, shambani Kishambaa, na mwalimu wa darasa la kwanza, akiwa mwenyeji, naye humtuliza kwa Kishambaa. Kiswahili kwake ni cha shule na cha redio. Nilikuwa na mwanafunzi aliyejua vizuri sana namna ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kwani baba yake alikuwa na matuta mazuri kuliko yote pale kijijini, lakini mtihanini alikosa swali la matuta kwa sababu alilitatizwa na neno moja la Kiswahili cha vitabuni. Alama yake ilisema hajui sayansi. Mtu anayesoma D ya Sayansi ya mtoto kama huyo aitazame kwanza alama yake ya Kiswahili. Mara nyingine ugonjwa uko katika somo jingine.

Baada ya kusema yote hayo, huenda msomaji ataniona kama mmoja wa wale wanaotaka mitihani ifutwe. Hapana. Nilizaliwa kabla ya uhuru, na nilisikia wazee wakieleza namna watoto walivyopata nafasi kwa kuwa baba zao walikuwa jumbe au karani. Mtihani haukumjua jumbe. Mtoto wa mama mjane kutoka bonde la nyuma ya Mgwashi aliandika namba tu, na msahihishaji hakujua kama ana viatu. Hiyo ni haki kubwa, na tukiitupa, wenye kujuana ndio watakaofaidi. Tena alama huweza kudanganya kwa upande mwingine vilevile. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba zaidi ya wanafunzi elfu tano walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Wale nao walikuwa "wamefaulu". Wazazi wao walichinja kuku wakafurahi. Laiti mmoja wao angempa mtoto gazeti amsomee aya moja kabla ya kuchinja!

Hilo la gazeti ndilo ninalowaambia wanaonijia. Mzazi hata asiyejua Kiingereza anaweza kumsikiliza mtoto akisoma Kiswahili na kujua kama anasoma au anakariri. Anaweza kwenda shuleni akaomba mazoezi na mitihani ya muhula, ambayo ina alama kamili na makosa yake yakionekana, maana ya mtihani wa taifa hayarudi. Walimu wengine huwajibu wazazi kwa ukali, ninajua. Mwende wawili au watatu, mtasikilizwa. Na ikiwa mzazi hakusoma kabisa, mtoto mwenyewe anajua wapi alipopotea. Yule binti wa Lukozi alijua. Nilipomwuliza kwa nini hakupata kusema, alinijibu kwa Kishambaa kwamba hakuna aliyemwuliza.

Baba yake hakumpeleka Dar es Salaam. Sidhani kama ni maneno yangu peke yake yaliyomgeuza. Mama mtu alikuwa na msimamo wake, nami nilikuja kuusikia baadaye. Januari 2024 binti aliingia kidato cha kwanza katika sekondari ya kata. Jumamosi alikuja kwangu na daftari, tukazianza sehemu tangu kukata chungwa. Hazikwenda upesi. Hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo alikuwa anapanda milima miwili kwa wakati mmoja, na ziko Jumamosi ambazo alikaa akilitazama daftari bila kuandika kitu.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa, baba alikuja tena, akiwa na taarifa ya maendeleo mkononi na kiroba cha viazi begani. Safari hii alikubali chai. Alinikabidhi karatasi. Hisabati, alama 31 kati ya 100. Nafasi ya 58 kati ya 143.

"Mwalimu," akasema, "hii thelathini na moja, wenzake wamepata ngapi? Na huo mtihani katunga nani?"

Nikamwambia siwezi kujibu bila kuyaona maswali. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa karatasi ya mtihani iliyokunjwa mara nne, nasi tukaisogeza taa.